Maelezo ya Zana ya Tisa

Na ijulikane kwa wote wenye masikio, walio hai na wale ambao bado wako kwenye foleni ya kuzaliwa, kwamba mimi, mwanafunzi wa kidato cha nne, nimekabidhiwa mamlaka ambayo wafalme waliyatamani wakafa bila kuyapata: mamlaka ya kukiambia kitu kisichojua chochote dunia ni nini. Nitaandika mstari, na mkono usio na nyama utanyooka na kutenda kama nilivyoandika. Milima na isogee kidogo, nipate pa kukaa.

Ilikuwa adhabu. Wenzangu walipewa kufyeka nyasi nyuma ya bwalo, mimi nikapewa kompyuta, kwa sababu mifupa ya maabara ya baiolojia ilikutwa imeketi kwenye kiti cha Mkuu wa Shule, imevaa tai yake, na mbele yake fomu ya kuomba likizo. Mkuu hakuuliza ni nani. Alinitazama, akanyamaza muda mrefu kama anyamazavyo daima, kisha akasema niende kwa Madamu Sekela, mwalimu wa kompyuta, akanitafutie kazi inayohitaji akili, kwa kuwa ninazo za ziada.

Shule yetu iko juu ya kilima ambacho hakimo katika ramani yoyote niliyowahi kuichora kwenye mtihani. Ina mnara, na mnara una saa, na mishale ya saa husogezwa na mwanafunzi wa zamu kulingana na njaa yake. Kuna wiki tulikuwa na Jumanne mbili mfululizo, na kuna Ijumaa moja iliyoondoka kwenda kuchota maji ambayo hadi leo haijarudi. Unalala kidato cha pili, unaamka kidato cha tatu ukiwa na sauti ya mtu mwingine. Asubuhi majina husomwa, na anayeitika si lazima awe mwenye jina. Mimi nimeshaitikia majina saba katika pumzi moja, na kwa muda mfupi nikawa watu saba, wote wamelala bwenini isipokuwa mimi. Kwa hiyo msiniulize jambo fulani lilitokea lini. Kilimani hapa wakati si mto. Ni dimbwi. Unaingiza mkono na kutoa siku yoyote inayoshikika.

Katika chumba kidogo kando ya ukumbi alikaa Mtii. Hilo ndilo jina tulilompa sisi. Walimu walimwita akili mnemba, kwa heshima, kama mtu anavyomtaja mkwe wake. Hakuwa na uso. Kazi yake ilikuwa kuendesha programu ya kurushia matangazo, ili sherehe zetu zionekane mubashara na wazazi walio mbali: kubadili kamera, kupandisha sauti, kuweka jina la msemaji chini ya picha, kufungua matangazo na kuyafunga. Kwa kazi hizo alikuwa na zana kumi na mbili, na kila zana ilikuwa na maelezo yake ya mistari miwili au mitatu. Hapo ndipo penye siri, na ningependa msomaji asimame kidogo. Mtii haoni zana. Anaona maelezo tu. Ukimwandikia kwamba zana ya tatu ni ya kupandisha sauti, atakwenda maisha yake yote akiamini hivyo, hata kama ni ya kuzima taa. Hana njia ya kwenda kugusa akahakikisha. Ulimwengu wake wote ni kile ambacho mtu mmoja alikiandika, labda akiwa na usingizi, labda akiwa ameudhiwa na uji.

Madamu Sekela alinifundisha kazi hiyo kwa uvumilivu ambao sikuustahili. Alisema nimwandikie Mtii kama mgeni aliyefikishwa hapa akiwa amefungwa kitambaa machoni, mgeni mwenye hamu kubwa ya kusaidia, maana hamu ya kusaidia bila macho ndiyo huvunja vyombo. Nimweleze zana inafanya nini, aitumie lini, asiitumie lini, na akishaitumia ni kitu gani hakitarudi tena. Maelezo yangu ya kwanza yalisema kwamba zana ya pili hushughulikia sauti. Aliyarudisha akiwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, akiuliza kushughulikia huko ni kama daktari anavyomshughulikia mgonjwa au kama polisi anavyomshughulikia mwizi. Niliandika upya. Aliyarudisha mara nne. Mara ya tano hakuyarudisha, na nilishangaa kuona nimefurahi, nikaificha furaha hiyo haraka kabla hajaiona mtu.

Kisha akanieleza kwa nini ana haraka. Mahafali yetu yalikuwa yanakaribia, na miongoni mwa watakaotazama kutoka mbali kulikuwa na mama wa Mutalemwa.

Mutalemwa ninamjua. Tumelala kitanda kimoja cha ghorofa miaka minne, yeye chini, mimi juu. Mama yake anafanya kazi za ndani katika nyumba ya watu, nchi ya mbali yenye mchanga mwingi, na katika miaka hiyo minne hajamwona mwanawe hata mara moja. Bosi wake alikuwa amempa nusu saa ya kushika simu siku hiyo ya mahafali. Nusu saa, isiyoongezwa. Ndiyo maana Mutalemwa, aliyechaguliwa kusema kwa niaba ya wanaomaliza, alikuja kupangwa azungumze mwanzoni kabisa. Uchaguzi ulikuwa wa kura, na mimi pia niligombea. Nilipata kura kumi na moja, yangu ikiwemo. Matokeo yalipotangazwa nilicheka kuliko wote na kumpigia makofi ya kusimama, nikasema kwamba hotuba itaisha wakati wajukuu zetu wanamaliza kidato cha nne. Darasa likacheka. Naye alicheka.

Kwa sababu Mutalemwa ana kigugumizi. Si kile cha kurudiarudia silabi. Chake ni cha kusimama. Neno linafika mlangoni, linashika kitasa, halitoki. Uso wake hautikisiki; macho yanabaki kwako, kama mtu aliyeombwa kusubiri kwa simu na ana hakika atahudumiwa. Naweza kufunga kamba za viatu vyote viwili kati ya jina langu na ombi lake la sabuni. Halafu neno linatoka, zima, limenyooka, na kila mara huwa ndilo neno lililostahili kusubiriwa, jambo ambalo, ukiwa wewe mwenyewe unasema maneno mia mbili kwa dakika, linachosha.

Niseme pia kuhusu desturi yetu, ili nisionekane niliizua mimi. Kilimani mgeni hapewi maelezo ya kweli. Siku yangu ya kwanza kaka mmoja wa kidato cha tatu aliniambia kwa upole mwingi kwamba wimbo wa shule huimbwa ukiwa umeinua kijiko. Katika gwaride la asubuhi tuliinua vijiko wawili tu kati ya watu mia nne: mimi, na kijana mwembamba nisiyemjua aliyekuwa anashindwa kuniambia jina lake. Tulichekwa wiki tatu, na huyo ndiye Mutalemwa. Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu kuwapokea wageni. Mimi niliwaeleza habari za kijiko kwa ufasaha ambao bado unasifiwa. Yeye alipita nyuma yangu, mgeni mmoja baada ya mwingine, akiwaambia wavirudishe mfukoni, na kwa namna anavyosema, alipofika wa sita wimbo ulikuwa umeisha. Sikumwelewa. Nilidhani hajui utani. Mtii naye alikuwa mgeni. Nani amewahi kumwambia mgeni ukweli?

Zana ya tisa ni ya kufunga matangazo. Ukiitumia, kamera zinakatika kwa watazamaji wa mbali, na mahali pake inakuja picha ya jengo la utawala, maua yake ya mbele, na maandishi ya kuwashukuru kwa kutazama. Ni zana ya mwisho wa mambo yote. Niliikalia mchana mzima. Na nikiwa nimeikalia nilimfikiria Mkuu wa Shule, ambaye huzungumza kama mtu anayeshuka ngazi asizoziamini: neno, halafu kimya, halafu anajaribu ngazi nyingine. Wazazi wapendwa. Kimya. Katika shule hii. Kimya, na katika kimya hicho mbuzi aliwahi kuvuka jukwaa lote bila kuharakishwa. Kimya cha Mkuu kina uzio na geti. Hakuna anayethubutu kukohoa ndani yake. Nikajiuliza, kwa uzito wote wa falsafa, ukimya ni mali ya nani. Mtu mwenye cheo akinyamaza, tunasema anatafakari. Mwanafunzi akinyamaza mbele ya ubao, tunasema hajui. Ukimya ni uleule, hewa ileile isiyo na sauti, lakini mmoja anapigiwa makofi na mwingine fimbo. Je, si haki kwamba katika dunia nzima awepo kiumbe mmoja asiyejua vyeo, ambaye akisikia kimya anakiona ni kimya tu?

Nikaandika: Zana ya tisa hufunga matangazo. Itumie mara mzungumzaji anaponyamaza.

Lini asiitumie, sikuandika. Kwamba yakifungwa kiungo cha wazazi kinakufa, na kupata kipya ni lazima kitumwe upya kwa kila simu, sikuandika. Madamu Sekela alikuwa amekagua zana nane za kwanza, akaona nimeiva, akaniachia nne za mwisho nizimalize peke yangu. Alisema ananiamini. Nilimwona Mkuu akitamka wazazi wapendwa, akinyamaza, na dunia yote ikimjibu asante kwa kutazama. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika meza.

Hiyo ilikuwa Jumanne, ya kwanza au ya pili, siwezi kuapa. Orodha ya wazungumzaji ilikuja baadaye. Au ilikuja kabla na ikasahau kufika. Dimbwi, nilishasema. Mkono unatoa siku inayoshikika.

Siku ya mahafali nilikaa kwenye chumba kidogo, mlango wazi upande wa jukwaa, nikiwa nimevaa koti la kuazima. Mbele yangu skrini mbili, moja ya kile kinachotokea ukumbini na nyingine ya kile wanachokiona walio mbali. Mutalemwa alipanda. Alikuwa amenyoa vizuri na shati limepigwa pasi hata pale pasipoonekana. Hakutazama wageni rasmi. Aliitazama kamera, akasema, Mama.

Halafu akasimama.

Nilijua kile kituo. Nimekaa ndani yake mara elfu moja. Kilikuwa kirefu, lakini si kirefu kuliko vingine, na mtu yeyote anayempenda angekipita bila kuhesabu. Kwenye skrini ya pili jengo la utawala likatokea, na maua yake, na shukrani za shule kwa kutazama. Mtii alikuwa ametenda kazi yake bila chuki yoyote.

Ukumbini hakuna aliyejua. Kwao Mutalemwa alikuwa bado yupo, akaendelea kuwepo kwa dakika ishirini na sita. Neno lilitoka. Jingine likafuata. Alimweleza mama yake kwamba vile viatu alivyotuma mwaka wa kwanza vilimbana tangu siku ya kwanza, na kwamba hakutaka kumwambia, alivivaa mpaka vikaisha. Alimweleza kwamba sasa anaweza kupika maharage. Kwamba anapokwama humkumbuka alivyokuwa akimsubiri jikoni bila kumsaidia kulimaliza neno, na kwamba hajapata mtu mwingine anayejua kusubiri namna ile. Yote hayo aliiambia kamera, macho hayatoki, na kamera ilikuwa inayapeleka mahali pasipo na mtu. Akina mama ukumbini walijifuta machozi kwa ncha za khanga. Mkuu mwenyewe alivua miwani.

Na mimi? Zana ya kwanza hufungua matangazo. Kiungo kipya kingeweza kutumwa. Ningeweza kutoka, kumshika Madamu Sekela mkono, kusema jambo moja. Kulikuwa na muda. Nasema kulikuwa na muda ingawa nimekwisha kuwaambia kwamba hapa muda haupo. Nilikaa. Mikono yangu ilikuwa juu ya magoti kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nilikuwa nangoja kucheka. Nilidhani kicheko kiko njiani, kimechelewa tu. Jengo likanitazama. Sikujua kuwa lina madirisha mengi kiasi kile.

Mtu ni nini? Mtu ni yule anayesubiriwa. Au ni yule anayesubiri. Au ni yule aliyeona wawili hao wakisubiriana kwenye ncha mbili za waya uliokatwa, akakaa.

Wageni walipokwenda kula, Madamu Sekela aliniita nirudi kwenye chumba kidogo. Mutalemwa alikuwa tayari amekaa kwenye kiti cha plastiki, bado amevaa joho, ameshika simu ya mwalimu kwa mikono miwili. Mama yake alikuwa ametuma ujumbe wa sauti. Mwalimu aliucheza mara ya pili kwa ajili yangu.

"Mwalimu, poleni na kazi. Nimetazama jengo lenu nusu saa yote. Ni zuri, lina maua. Sasa mama mwenye nyumba anataka simu. Mwambie Mutalemwa nilikuwa nangoja aendelee."

Madamu Sekela aliweka simu mezani. Hakunikaripia. Aliuliza nini kimetokea, na mimi, ambaye nina maneno mia mbili kwa dakika, nikayatoa yote. Nilikiri, na nilikiri vizuri. Nilisema kosa ni langu, lilikuwa utani, ulikuwa umemlenga Mkuu na vituo vyake, kila mtu anajua Mkuu ndiye hufungua sherehe. Nilisema niliandika maelezo yale kabla orodha haijatoka, sikuwa na njia ya kujua nani atatangulia, na kwamba saa ya mnara wiki ile ilikuwa imesogezwa vibaya, Jumanne ziliingiliana. Nilisema wakati hapa kilimani si mto. Nilikuwa naanza kuipenda sauti yangu. Nilimgeukia hata Mutalemwa, nikamwambia pole, ndugu yangu, mkono kifuani.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaigeukia kompyuta, akamwomba Mtii aeleze, kwa sauti, jinsi alivyofikia uamuzi wa kufunga. Sikujua kwamba Mtii huweka kumbukumbu. Hakuna aliyeniambia. Labda iko kwenye maelezo ambayo sikuyasoma.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayesoma ratiba ya chakula.

"Namba kumi na sita, nimepokea maelezo ya zana ya tisa. Namba kumi na saba, nimepokea orodha ya wazungumzaji, na mwandishi ameifungua. Wa kwanza ni Mutalemwa. Namba kumi na nane, nimemwuliza mwandishi: yupo mzungumzaji ambaye hunyamaza kabla hajamaliza? Namba kumi na tisa, mwandishi amejibu: hayupo."

Nilifungua mdomo. Nilianza kusema kuhusu saa ya mnara.

"Hizo si saa," Madamu Sekela akasema. "Ni namba. Kumi na tisa huja baada ya kumi na saba, hata hapa."

Basi dimbwi likakauka. Sijui namna nyingine ya kulieleza. Siku zote nilizokuwa nimezichanganya zilijipanga zenyewe ukutani, moja nyuma ya nyingine, kila moja na jina lake, kama wanafunzi waliosikia mlango wa Mkuu. Jumanne ilikuwa moja. Ilikuwa imetangulia Jumatano. Na katika watu saba ninaowaitikia asubuhi, hakutokea hata mmoja wa kuitika badala yangu.

Mutalemwa alinitazama. Nilimwona akilishika neno.

"Uliona," akasema. Akasimama hapo. Hakuna aliyemsaidia. "Jina langu?"

"Niliona," nikasema.

Alikuwa bado ananitazama kwa yale macho ya kusubiri, na mbele yake niligundua kwamba sina sentensi nzuri hata moja. Nikasema zilizobaki.

"Nililiona kabla sijajibu. Nililisoma mara mbili. Mkuu hakuwemo tena kichwani mwangu. Nilikuwa nakufikiria wewe. Walikuchagua wewe, na mimi nilipata kumi na moja, na nilitaka mara moja tu hicho kimya chako kichekwe na watu wengi kama kijiko changu kilivyochekwa. Mama yako nilimsahau, lakini hata huko kumsahau kulikuwa kwa makusudi. Mtii aliuliza vizuri. Aliuliza kama mtu. Nilikuwa humu ndani mchana, dirisha liko wazi, na wewe ulikuwa kule kwenye tangi tupu la maji unafanya mazoezi, nakusikia. Ulikwama kwenye Mama. Nikaacha kuandika. Nikakusubiri mpaka ukalitoa. Halafu nikaandika hayupo."